Chupa Isiyojulikana: Kemikali za Chuo Kikuu Huishia Wapi?

Katika stoo ya kemia ya chuo chochote kilichofundisha kwa miaka ishirini au zaidi, angalia rafu ya chini kabisa, kule pembeni ambako taa haifiki vizuri. Ni nadra kukosa chupa ya kahawia ambayo lebo yake imeliwa na mvuke wa tindikali, au dumu la lita tano lililoandikwa kwa kalamu neno moja tu, "mabaki". Aliyeandika alihitimu zamani. Ndani kuna kimiminika cha rangi ya chai. Mwalimu hakijui, fundi sanifu wa maabara hakijui, na mtunza stoo alikikuta alipoajiriwa. Kukimwaga wanaogopa, na fungu la kulipia kiondolewe halimo kwenye bajeti. Basi kimebaki.

Tukisikia taka hatarishi, akili inakimbilia kwenye fuvu na mifupa, sumu inayoua kwa tone. Zipo, na nitazifikia. Lakini kinacholifanya jambo hili liwe gumu vyuoni ni kitu kingine. Kiwanda cha betri kinatumia kemikali chache kwa matani, na zile za leo ndizo za jana. Ukijua namna ya kuziondoa mara moja, umejua. Chuo kikuu kina mamia ya kemikali, kila moja kwa gramu na mililita, mikononi mwa watu wanaobadilika kila mwaka wa masomo. Mwanafunzi wa uzamili anatengeneza mchanganyiko ambao haupo mahali pengine popote duniani, anatetea tasnifu yake, anaondoka. Mchanganyiko unabaki. Sumu kali inayojulikana ina utaratibu wake wa kushikwa, kuhifadhiwa na kuharibiwa. Chupa isiyojulikana haina utaratibu wowote, na hata kampuni yenye leseni ya kuondoa taka huikataa au hudai kwanza ipimwe, kazi ambayo gharama yake inaweza kupita bei ya kemikali yenyewe mara nyingi.

Kwa hiyo lebo ndiyo kifaa cha kwanza cha usalama, kabla ya glavu na kabla ya kizima moto. Lebo ya chupa ya taka inatakiwa iwe na jina kamili la kila kilichomo, maji yakiwemo, pamoja na kadirio la asilimia. Tarehe ya tone la kwanza kuingia. Aina ya hatari. Na jina la mtu na la idara. Fomula na vifupisho havitoshi, kwa sababu atakayeisoma baadaye huenda ni zimamoto. Chupa za kiwandani nazo zinakuja na alama za mfumo wa kimataifa, zile pembe nne zenye mpaka mwekundu, aina tisa kwa jumla: mwali wa moto, fuvu, mkono unaoliwa na tindikali, samaki aliyekufa kando ya mti mkavu, na nyinginezo. Kila kemikali ina pia karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu 16. Watu wengi husoma ukurasa wa kwanza wakaishia hapo. Mwenye haraka asome walau sehemu ya 8, inayoeleza kinga ya mwili, ya 10, inayoeleza kemikali hiyo haipatani na nini, na ya 13, inayohusu namna ya kuitupa.

Chupa ya taka ni chombo cha mmenyuko

Sehemu hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu ajali yake humkuta mtu asiyefanya jaribio lolote. Wanafunzi wamemaliza, vyombo vinaoshwa, na kuna chupa moja kubwa mezani ambayo kila mtu anamiminia alichonacho. Mmoja ameosha vyombo kwa tindikali ya naitriki. Mwingine amesuuza vyake kwa ethanoli au asetoni. Vyote viwili vinaingia humo, kifuniko kinakazwa barabara ili mvuke usitoke, na taa zinazimwa.

Tindikali ya naitriki ina tabia ya kuvipa vitu vingine oksijeni. Ikikutana na ethanoli, asetoni au kiyeyusho kingine chenye kaboni, inakiunguza polepole bila moto. Joto linapanda kidogo, na joto likipanda mmenyuko unaongeza kasi. Gesi ya kahawia ya oksidi za naitrojeni inazaliwa, na haina pa kutokea. Inaweza kuchukua dakika chache, inaweza kuchukua saa kadhaa. Kisha chupa inapasuka, vioo na tindikali vinaruka chumba kizima. Ajali ya namna hii imejirudia katika vyuo vya nchi nyingi, na vile vinavyotunza kumbukumbu vimeandika kanuni ileile kila mara: taka ya naitriki iwe na chupa yake peke yake, na chupa ya taka iliyo kwenye matumizi iwe na kifuniko kinachopumua.

Jamaa wa ajali hiyo ni wengi. Jiki ikichanganyika na tindikali hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumika vitani mwaka 1915. Jiki na amonia hutoa mvuke unaounguza mapafu, na hilo linaweza kutokea chooni sawa na maabarani. Chumvi za sayanaidi zikiguswa na tindikali hutoa gesi inayoua. Azidi ya sodiamu, ambayo watu wa baiolojia huitia kidogo kwenye sampuli zisiote vijidudu, ikimwagwa kwenye sinki mara kwa mara inaweza kuungana na risasi au shaba ya mabomba na kuacha utando unaolipuka. Anayekutana nao ni fundi bomba.

Ndiyo sababu hatukubali stoo ipangwe kwa alfabeti, ingawa inapendeza machoni. Lebo za kiwandani huandikwa kwa Kiingereza, na kwa mpangilio huo tindikali ya naitriki inaangukia jirani na nitrobenzini, kimiminika kinachoweza kufanya nayo mchanganyiko unaolipuka. Stoo hupangwa kwa familia: tindikali mbali na alkali, vinavyowaka mbali na vinavyotoa oksijeni, na kila kundi la vimiminika ndani ya trei yake, ili chupa ikivuja isimfikie jirani.

Kemikali zinazozeeka vibaya

Unga na mchele vikizeeka vinaharibika. Kemikali kadhaa zikizeeka zinageuka kuwa kitu kingine kabisa. Etha, kiyeyusho cha kawaida katika maabara za kemia ya kaboni na za famasia, ikikutana na hewa na mwanga hujenga peroksidi. Peroksidi hizo hujikusanya chini ya chupa au kwenye nyuzi za kifuniko, na msuguano wa kufungua tu unatosha kuzilipua. Ndiyo maana chupa ya etha huandikwa tarehe mbili, ya kupokelewa na ya kufunguliwa, na desturi ya maabara nyingi ni kuiondoa ndani ya miezi sita tangu kufunguliwa, au mwaka mmoja ikiwa haijaguswa.

Tindikali ya pikriki ni mfano mwingine, na wengi hawajui kwamba wanayo. Imo kwenye dawa ya Bouin inayotumika kuhifadhia vipande vya tishu visiharibike kabla ya kutazamwa kwa hadubini. Huuzwa ikiwa imeloweshwa maji kwa sababu ikikauka ni baruti. Chupa iliyosahauliwa miaka kumi stoo, kwenye joto la Tanga au Mombasa, maji yake yamepotea, imebaki fuwele ya njano. Kifuniko kikiwa cha chuma hali ni mbaya zaidi, maana chumvi zake na metali ni nyepesi kulipuka kuliko yenyewe.

Ukikuta chupa ya namna hiyo, usiifungue, usiitikise, usiihamishe hata kwa nia njema. Ipige picha kutoka mbali, funga chumba, mwite anayehusika na usalama. Katika visa vya nje, vyuo vimewahi kuita wataalamu wa mabomu kwa ajili ya chupa moja ya gramu mia.

Sinki linaishia kwa viumbe hai

Kauli inayosikika sana maabarani ni "mwaga, fungulia maji mengi". Kwa chumvi ya mezani, sukari na tindikali iliyokwisha kutulizwa kwa alkali hadi karibu na pH ya 7, na isiyo na metali ndani yake, hakuna ubaya. Kwa vingine, maji mengi yanaongeza tu ujazo wa kilichochafuka. Gramu moja ya zebaki katika lita mia ni gramu moja ileile.

Tazama majitaka yanakokwenda. Katika kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa miaka mingi majitaka yamepelekwa kwenye mabwawa ambamo bakteria na mwani hufanya kazi ya kusafisha. Mabwawa hayo yamekuwa pia uwanja wa utafiti wa wahandisi wa mazingira. Vyuo vingine vina makaro. Vyote vinategemea vijidudu vilivyo hai. Sasa mwagia humo formalini iliyotumika kuhifadhia maiti za somo la anatomia, ambayo kazi yake hasa ni kuua vijidudu ili nyama isioze. Umelidhuru karo lenyewe. Na formalini haimpendi binadamu pia: mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka formaldihaidi, kemikali iliyomo ndani ya formalini, katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa watu.

Nitaje jaribio moja ambalo kila mhandisi wa maji amelifanya. Kupima uchafu wa maji kwa njia ya kemikali, ile iitwayo COD, sampuli huchemshwa na daikromati ya potasiamu ndani ya tindikali ya salfa, pamoja na chumvi ya fedha na chumvi ya zebaki. Kila mrija mdogo unaotoka kwenye kipimo hicho una kromiamu ya namna inayosababisha saratani, una zebaki na una tindikali kali. Darasa la wanafunzi arobaini wakifanya marudio matatu, hiyo ni mirija 120, na katika somo la kulinda maji ndiko taka hii inakotoka. Mirija hiyo inatakiwa ikusanywe yote, kila mmoja, ndani ya chupa yenye jina lake.

Kwa kromiamu isiyo na zebaki kuna njia ambayo chuo kinaweza kuifanya chenyewe, na ningependa ifundishwe kama sehemu ya somo: punguza kromiamu kwa bisalfaiti ya sodiamu ndani ya tindikali mpaka rangi ya machungwa igeuke kijani, kisha ongeza alkali polepole mpaka pH ya 8 au 9. Kromiamu inashuka chini kama tope. Lita ishirini za taka zinakuwa kikombe cha tope la kuhifadhiwa kama taka hatarishi, na maji ya juu hupimwa kabla ya kumwagwa.

Kuna wanaokwepa sinki kwa kuacha bilauri la kiyeyusho ndani ya kabati la kufyonzea mvuke likauke lenyewe usiku. Hiyo nayo ni kumwaga, ila kumwaga angani.

Moto wa shimoni hautoshi

Nyuma ya majengo mengi kuna shimo la kuchomea. Karatasi na majani, sawa. Lakini klorofomu na ndugu zake wenye klorini, wakichomwa kwa joto dogo, hutoa asidi haidrokloriki na wanaweza kuzaa dayoksini, sumu zinazokaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Tanuri linalostahili hufanya kazi kwa nyuzijoto 850 au zaidi, na kwa taka zenye klorini nyingi hutakiwa lifike 1,100. Tanuri la kiwanda cha saruji, ambako mawe huiva kwa takriban nyuzijoto 1,450, linaweza kuziharibu aina nyingi za taka likiwa na vibali na vifaa vya kupimia moshi. Hapo ndipo utaona umuhimu wa kutenga viyeyusho vyenye klorini na visivyo na klorini tangu siku ya kwanza: vya kundi la pili ni karibu sawa na mafuta ya kuwashia, vya kundi la kwanza vinahitaji tanuri maalumu na bei yake ni nyingine. Kijiko cha klorofomu ndani ya dumu la heksani kinaweza kulihamisha dumu zima kundi.

Taka za baiolojia zina njia yake. Sahani za bakteria huingia otoklevu, chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzijoto 121, kwa muda unaotosha mvuke kupenya hadi katikati ya mfuko, kisha ndipo zinakuwa taka za kawaida. Usiingize humo chochote chenye jiki au formalini, maana utavuta mvuke wake. Sindano na vyenye ncha kali huingia boksi gumu, na boksi hufungwa likijaa robo tatu. Vyanzo vya mionzi havihusiani na haya yote. Nchini Tanzania ni vya Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye kituo cha kuhifadhi taka za mionzi Arusha, na chuo hakina ruhusa ya kubuni chochote juu yake.

Anayedhani kwamba kuhifadhi tu bila mpango ni salama aende Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani. Dawa za kuulia wadudu zilizokwisha muda zilirundikwa huko shambani, ghala likaporomoka, sumu ikaingia ardhini. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopima udongo miaka mingi baadaye waliikuta DDT ikiwa bado ipo, kwa wingi wa kutisha.

Glavu, koti na mikono inayoshika

Tarehe 14 Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mtaalamu wa metali zenye sumu, alidondosha matone machache ya dimethili zebaki juu ya glavu yake ya mpira. Alikuwa ndani ya kabati la kufyonzea mvuke, amevaa miwani, amefuata taratibu zilizojulikana wakati huo. Miezi mitano baadaye alianza kupepesuka na ulimi kuwa mzito. Alifariki tarehe 8 Juni 1997. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba kemikali ile hupenya glavu ya namna ile ndani ya sekunde 15. Glavu si moja kwa kila kazi: ile ya hospitali huzuia vijidudu na huruhusu viyeyusho vingi kupita, na karatasi ya taarifa ndiyo inayosema ipi inafaa.

Kisa cha pili kinaniuma zaidi kwa sababu kilizuilika kwa kitu cha bei ndogo. Sheri Sangji, msaidizi wa utafiti mwenye miaka 23 katika chuo cha UCLA, Marekani, tarehe 29 Desemba 2008 alikuwa akivuta kwa bomba la sindano kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Pistoni ya bomba ilichomoka. Hakuwa na koti la maabara, na sweta lake lilikuwa la nyuzi za plastiki. Alifariki siku 18 baadaye. Mwaka 2011 waendesha mashtaka wa Los Angeles walimshtaki profesa wake pamoja na uongozi wa chuo, mashtaka yaliyoishia kwa makubaliano, na tangu hapo vyuo vya huko viliacha kuliona koti la maabara kama pambo la siku ya mahafali.

Hao walikuwa wanakemia. Huku kwetu mlolongo ni mrefu zaidi. Baada ya mwanafunzi yupo mama wa usafi anayefagia kipimajoto kilichovunjika, na ufagio unaigawa zebaki kuwa chembe ndogo zaidi zinazotoa mvuke kwa wiki nyingi. Anayetakiwa kuikusanya ni fundi wa maabara, kwa kadi ngumu na kitoneshi, madirisha yakiwa wazi, ikatiwe kwenye chupa inayofungwa. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza vingi vya vipimajoto hivyo. Vya alkoholi vinatosha kwa karibu kila somo. Baada ya mama wa usafi wapo vijana wa gari la taka, na baada yao wanaookota kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, au la Dandora, Nairobi. Hakuna kati yao aliyepewa somo la kemia, na ni wao wanaoshika mfuko kwa mikono mitupu.

Halafu kuna madumu. Dumu zuri la plastiki halitupwi Afrika Mashariki. Linauzwa, linabeba maji, linabeba mafuta ya kula. Kwa hiyo dumu la kemikali husuuzwa mara tatu, maji ya suuzo la kwanza yanaingia kwenye taka hatarishi, lebo inachanwa, na dumu linatobolewa kabla ya kutoka getini. Chuo kinachogawa madumu yake matupu kwa wafanyakazi kama fadhila kinafanya kosa kubwa, hata kama nia ni njema.

Sheria zipo za kutosha. Tanzania ina Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003 chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na ile ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003. Kenya ina NEMA, mamlaka yake ya mazingira, inayotoa leseni za kusafirisha taka, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Taka isiyoweza kuharibiwa nchini husafirishwa nje kwa utaratibu wa Mkataba wa Basel wa 1989, kwa ridhaa ya kila nchi inayopitiwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja mwenye cheo, muda na bajeti ambaye kazi yake ni hii. Kamati inayokutana mara mbili kwa mwaka haiwezi kuichukua nafasi yake.

Mtu huyo akipatikana, mahali pake pa kuanzia ni ofisi ya ununuzi. Chupa ya lita mbili na nusu inaonekana nafuu kuliko ya mililita 500, na mzabuni atasema hivyo. Lakini somo likitumia mililita 300 kwa mwaka, kilichobaki kitakaa rafuni hadi lebo ifutike, na gharama ya kukiondoa italipwa na bajeti nyingine, miaka mingine, na watu wengine. Ombi la kununua kemikali lingekuwa na mstari mmoja wa ziada unaojazwa kabla ya saini: itaondolewa na nani, kwa njia gani, kwa fedha ipi. Na mwanafunzi wa uzamili asipewe fomu ya kumaliza chuo, ile inayosainiwa na maktaba na uhasibu, mpaka fundi wa maabara naye atie saini kwamba rafu yake iko tupu au kila chupa iliyobaki ina jina.